Chungu cha Mbegu cha Koko

Juzi nilikwenda sokoni hapa Beu, upande huu wa mji wa Beni ninakoishi siku hizi, kununua maharage ya Jumapili. Nikajikuta nimesimama mbele ya mabeseni kama mtu aliyesahau alichotumwa. Yalikuwa yamepangwa vizuri mno, mekundu peke yake, ya njano peke yake, meupe peke yake, na kila rangi ina beseni lake. Nikamwomba mama muuzaji anichotee kidogo kidogo kwenye kila beseni, ayachanganye yote. Alinitazama kwa huruma.

"Eh, mama, kuchanganya ni ya nini? Itaiva mubaya. Ingine itapasuka, ingine itabakia nguvu sawa jiwe. Batu ya sasa banapenda couleur moja."

Alisema kweli, wala sikubishana naye. Nilinunua ya njano nikaenda zangu, lakini njia nzima Koko alikuwa kichwani mwangu, na tangu siku hiyo hajatoka. Basi kaa kidogo nikusimulie, maana jambo hili sijapata kulieleza lote kwa mtu yeyote, na kuna sehemu yake bado inaniuma.

Koko ndivyo tulivyomwita bibi, mama yake baba. Tulikaa naye kwenye mlima mmoja nje kidogo ya Butembo. Wewe uliyewahi kulala milima ile unajua ile baridi ya asubuhi inayong'ata masikio, na ukungu unaokaa bondeni hadi jua lipande. Utoto wangu una harufu ya moshi wa mkaratusi na ya chungu kilichoanza kuchemka kabla hatujaamka. Nilikuwa na miaka tisa, labda kumi. Vita vilikuwa vimepita mara moja, vikaondoka, vikarudi vikiwa na jina jingine. Baba alikuwa amekwenda Kisangani kwa biashara, vita vya pili vikamfungia huko. Nyumbani tulibaki Koko, mama, mimi na wadogo zangu wawili.

Juu ya jiko kulikuwa na kichanja cheusi kwa masizi, na juu ya kichanja kilikaa chungu cha mbegu. Ndani yake Koko alihifadhi maharage ya kupanda, yamechanganywa na majivu ili wadudu wasiyaguse. Ungeyapuliza majivu ungeona rangi zote ambazo Mungu alikuwa nazo mkononi siku ile: mekundu makubwa, ya njano, meupe yenye jicho jeusi, ya zambarau, yenye mistari. Kila aina Koko aliipa jina la mtu aliyeileta. Kulikuwa na ya katekista, ya mama-mkwe, ya yule mwanamke wa Lubero aliyelala kwetu siku ya mvua. Siku moja nilihesabu aina kumi na saba nikajisifu. Koko akacheka hadi akakohoa, akasema nimeziacha zile zinazojificha.

Nikufafanulie alivyofanya, maana jambo lote liko hapo. Wakati wa mavuno alizunguka shamba zima na kikapu. Alichuma maganda makavu kule juu penye mawe, akachuma katikati penye udongo mweusi, akateremka hadi chini kwenye kinamasi, ambako mimea ilikuwa mifupi na ya kusikitisha. Kila kona ilitoa kitu kwenda chunguni. Nilimuuliza kwa nini asichukue yale mazuri ya katikati tu, akamaliza shughuli mapema.

"Mie hapana kuchagua," alinijibu. "Shamba ndio inachaguaka."

Mwaka wa mvua nyingi, alisema, yale madogo ya kinamasi yanazidi. Mwaka wa jua yanapungua, na makubwa mekundu yanajaza chungu. Hakuna aliyefukuzwa. Wote walisubiri zamu yao humo ndani. Na msichana wa ukoo wetu alipoolewa, alibeba kikapu kidogo cha mchanganyiko ule kwenda nacho kwa mume. Shangazi yangu alipoolewa Mbau, kule chini kwenye joto, kwenye barabara ya Oicha karibu na msitu, naye alikwenda na chake.

Shuleni tulikuwa na mwalimu kijana, mwembamba, mwenye koti moja, aliyekata chaki vipande vitatu ili itoshe wiki. Mishahara ilikuwa imesahaulika, wazazi walimpelekea viazi na sombe ya majani ya muhogo, naye alifundisha kama mtu anayelipwa mara mbili. Tulimwita Monsieur, nami nilimpenda sana. Somo lake kubwa lilikuwa viumbe. Siku moja alituuliza: kwenye mlima huu, kabla ya mikaratusi, kulikuwa nini? Tukatumwa kuuliza nyumbani. Koko aliacha kumenya viazi akanitajia. Alipokuwa msichana kulikuwa na msitu. Kulikuwa na mbega weusi wenye mikia meupe, na hondohondo waliopiga kelele mabawa yao yakivuma. Watu wakakata wakalima, udongo ukachoka, wakafuga ng'ombe, kisha ikaja mikaratusi, na chemchemi iliyojaza mitungi kumi asubuhi ikawa inajaza miwili. Mbega wakaondoka. Wakaja ndege wengine, wale wadogo wanaopenda mahali palipo wazi.

"Bo nabo banaishi," alisema juu ya ndege wale, bila chuki.

Niliyasema yote darasani, mwalimu akanisimamisha mbele nikapigiwa makofi. Nikawa mwanafunzi wake wa kwanza kuinua kidole. Na ndipo, wiki iliyofuata, akafundisha jinsi viumbe vinavyobadilika. Mvua ilikuwa ikipiga mabati, akawa anapaza sauti: "Les plus forts ndio banabakia! Bazaifu banapotea! C'est ça, la nature!" Nikaandika kwenye daftari kwamba wenye nguvu ndio wanaobaki, nikapiga mstari chini yake.

Msimu huohuo tulikuwa na wageni. Mama mmoja na watoto wake wanne, waliotoka upande wa Beni kwa miguu baada ya kijiji chao kuvamiwa. Walilala kwenye nyumba yetu ya jikoni. Watu wengine waliwaita wakimbizi, lakini neno hilo Koko hakulitaka kwake. Walikuwa wageni, basi. Tukawa watu kumi kwenye chungu kimoja, na mama akisukuma siku kwa kuuza lenga-lenga, yaani mchicha, na poro, vile vitunguu vya majani, sokoni Butembo.

Koko akaitwa kwenye matanga, upande wa Lubero, akalala huko siku tatu. Mama alikuwa sokoni. Nami nikamwandalia Koko zawadi. Nilishusha chungu cha mbegu, nikatandaza mkeka uani, nikaanza kuchambua kama mtoto aliyesoma. Makubwa yanayong'aa niliyarudisha kwenye majivu. Madogo niliyaweka pembeni: yale meusi, madogo kama mavi ya mbuzi, na ya kijivu yenye madoa, na yaliyokunjamana. Hao ndio wadhaifu. Niliona kwamba msimu ule tutavuna mara mbili, na kwamba Koko atawaambia majirani nani alifanya kazi ile. Yale madogo nikayaosha majivu, nikayapika kwa mawese na poro, nikawapakulia wageni. Yule mama alinibariki kwa kuweka mkono kichwani pangu.

Koko alirudi miguu yake ikiwa na vumbi hadi magotini. Nilimtangulia jikoni, nikashusha chungu mwenyewe, nikangoja asifu. Aliingiza mkono ndani ya majivu, akauzungusha. Akauzungusha tena.

"Ile madogo meusi iko wapi?"

"Nilipikia bageni, Koko. Monsieur alisema bazaifu banapotea."

Alikaa kwenye kigoda. "Na ya mama yangu? Ile ya kijivu?"

"Nayo."

Hakuna nilichowahi kusema maishani nikatamani kukirudisha mdomoni kama neno lile. Koko alijifuta majivu kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja. Mama, aliyeingia na kuelewa, alikwishashika fimbo. Koko akainua kiganja.

"Umuache. Alilisha batu ya njaa. Kwa hiyo, hapana mupiga."

Yule mama mgeni naye akasikia, akaja akipiga magoti, analia, anaomba msamaha kwa chakula alichokula. Koko akamwinua, akamwambia, "Maharagi iko ya kula." Kisha alitoka akaenda kuomba mbegu kwa majirani. Lakini mvua ilikwisha kuanza. Waliokuwa na mbegu walikwisha kuzipanda, na wengi, kwa hali ilivyokuwa, walikwisha kuzila. Tukapanda makubwa tupu.

Nakumbuka yalivyoota. Rafiki yangu, yalipendeza! Shamba zima urefu mmoja, kijani kimoja, hata watu waliopita njiani walisimama. Kwa wiki mbili nilianza kuamini kwamba Koko alikosea na daftari langu lilikuwa sawa. Kisha ikaja mvua ambayo haikupumzika. Ilinyesha asubuhi, ikanyesha adhuhuri, udongo ukawa uji. Majani yakageuka manjano kuanzia kwenye kinamasi, yakapanda hadi katikati. Ukivuta mmea ulikuja mkononi bila kubisha, mzizi umeoza, una rangi ya kahawia na harufu ya maji ya kuosha vyombo yaliyolala. Kule juu penye mawe tu ndiko kulibaki kitu.

Watu kumi, na shamba ndilo hilo. Barabara zilikuwa za kubahatisha, leo imefunguliwa, kesho watu wanarudi mbio na vikapu vitupu. Mama alianza kupunguza ukubwa wa bonge la fufu, ule ugali wetu wa muhogo. Nilikuwa nikisema nimeshiba. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa akilamba sahani kwa sauti, na kila sauti ile ilinichoma, kwa sababu nilijua ni nani aliyemweka katika njaa ile.

Shuleni nikaacha kuinua kidole. Mwalimu aliniuliza mara moja, mara mbili, mara ya tatu nikalia nikamwambia. Jioni ileile alikuja kwetu na koti lake. Alimsalimu Koko kwa adabu, akateremka shambani, akachuchumaa kwenye matope, akang'oa mimea mitano, sita, akaitazama mizizi. Aliporudi juu alisimama mbele ya Koko kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Koko, ni mie. Mutoto alifuata maneno yangu, lakini maneno ilikuwa ya nusu. Nilisema wa nguvu banabakia. Sikusema nguvu ni ya wapi. Kwa mawe, nguvu ni ingine. Kwa maji, nguvu ni ingine."

Koko akamjibu: "Monsieur, kumbe unajua."

"Nilijua kwa kitabu. Kwa shamba, leo ndio nimejua."

Akampa kigoda akae, na kikombe cha kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi. Kesho yake mwalimu aliwaleta wanafunzi wote shambani kwetu. Nilitaka ardhi inimeze. Hakunitaja. Alituonyesha kinamasi na mawe, akatuuliza: kabla ya mvua kunyesha, nani angeweza kujua maharage yapi yatafaa? Tukajibu kwamba ni Mungu tu. Akasema ndiyo maana chungu chenye aina nyingi kina majibu mengi, na chenye aina moja kina jibu moja, na mvua ikiuliza swali jingine, basi. Alituambia pia kwamba mbega hawakuondoka mlimani kwa kuwa walikuwa wadhaifu. Waliondoka kwa sababu mlima uliacha kuwa mlima wao.

Aliyetutoa kwenye njaa alikuwa shangazi. Koko alikumbuka kile kikapu cha arusi. Jirani yetu, mzee Mwislamu mwenye kamioneti, gari dogo la mizigo, alikuwa bado akithubutu kushuka hadi Beni na Mbau kupeleka viazi na kurudi na mawese na mchele. Koko alimpa ujumbe: aliyopewa binti yangu, anirudishie kidogo. Wiki mbili tulingoja. Kila gari lililonguruma bondeni mama alisimama. Kulisemwa kumepigwa risasi huko mbele ya Mbau, kulisemwa magari yamezuiliwa. Koko alisali rozari mara mbili kwa siku, na nasikia aliuombea hadi mpira wa gurudumu la nyuma, ambao ulikuwa na viraka vitatu.

Mzee alirudi mchana wa Jumamosi, hana mawese wala mchele, lakini mfuko wa mbegu upo. Alitusimulia hali akicheka. Kwenye kizuizi askari walitaka kila kinacholiwa. Mmoja akaufungua mfuko, akaingiza mkono, ukatoka mweupe hadi kwenye kiwiko. "Oyo nini?" akauliza kwa Lingala. "Ni majivu ya mama muzee," mzee akamjibu, na askari akautupa mfuko garini huku akijipangusa. Shangazi alikuwa amehifadhi mbegu zake kwa majivu vilevile alivyofundishwa na mama yake.

"Wasingya," Koko alimwambia kwa Kinande, "wasingya, Papa," yaani asante, akaupokea mfuko kwa mikono miwili.

Tulitandaza mkeka. Meusi madogo yalikuwepo, tena mengi, maana kule Mbau penye mvua na joto yalikuwa yamekuwa wafalme. Makubwa mekundu yalikuwa karibu yaishe. Kulikuwa na sura nyingine ambazo Koko hakuzijua, aina alizozipata shangazi kwa majirani wa huko, na kulikuwa na zile alizozijua lakini zimekuwa tofauti kidogo, nyembamba zaidi. Koko alizigeuza moja moja kwa kidole, anazisalimu kama wajukuu waliozaliwa ugenini. Alianza jua likiwa juu. Sisi watoto tulichoka tukaenda kucheza, tukarudi, yeye bado ameinama. Nilimkaribia nikasimama nyuma yake.

Mwishowe akanyoosha mgongo, akaniona. Akanishika kidevu kwa vidole vyenye majivu.

"Bote bamefika," akasema. "Kwenda kucheza."

Nilikimbia nikiruka. Sijui kama nimewahi kuwa mwepesi hivyo tena.

Tulipanda. Baadhi ya yale ya Mbau hayakuipenda baridi yetu, yakapanda mti kwa urefu bila kuzaa kitu. Mengine yalikubali. Kinamasi kilitoa maharage meusi ya kutosha, tukala, wageni wakala, na baada ya mwaka wakarudi kwao na kikapu chao cha mchanganyiko. Kadiri misimu ilivyopita chungu kilibadilika sura. Hakikurudi kuwa kile cha zamani, kilikuwa kingine kilichotokana nacho. Baba naye akarudi siku moja, amekonda, akauliza maharage haya mageni yametoka wapi, na wote tukacheka tukamnyamazia.

Koko alikufa nikiwa sekondari, vita vikiwa vimekwisha kwa jina. Baada ya matanga, mimi na mama tulikuwa tukiosha masufuria nyuma ya nyumba. Nikasema, nikitaka kujifariji, kwamba angalau kosa langu lile lilirekebishwa kabla hajafa, mbegu zake zote zilirudi. Mama aliendelea kusugua sufuria moja lililokwisha kutakata.

"Ya kijivu haikurudia," alisema. "Ile ya mama yake. Kule kwa joto ilikufaka zamani. Aliniambia, huyu mutoto asijue."

Koko alikuwa ameitafuta mchana wote pale kwenye mkeka, akaikosa, akanishika kidevu. Na kila mavuno, mama akasema, aliuliza kwa siri wanawake wa milima mingine, kama kuna mtu aliyebaki nayo. Hakuna aliyekuwa nayo.

Vita vilituchukulia mengi, na nimezoea kuyaweka yote kwa askari: shule iliyokatika, watu wa Mbau waliouawa, shangazi ambaye leo hana shamba la kurudia. Siku hizi milima ile imepandwa mbegu za mifuko, rangi moja, na vijana hawaamini nikiwaambia chungu kimoja kilikuwa na aina kumi na saba na zingine zinazojificha. Hilo nalo nalisukuma kwa vita, kwa njaa, kwa soko. Lakini punje zile za kijivu siwezi kumsukumia mtu. Mama mmoja alimpa binti yake, binti akazitunza maisha yake yote, zikavuka msitu kukatwa, zikavuka ng'ombe na mikaratusi na vita vya kwanza, zikafika mikononi mwangu mchana mmoja wenye jua.

Nimewauliza wazee zilikuwa na ladha gani. Mmoja alisema tamu, mwingine hakumbuki. Mimi niliziosha, nikazikaangia poro, nikazipakulia wageni mpaka chungu kikaisha, na sikuonja.